Aliye Chini ya Rundo la Mawe

Mavrolithi, 4 Mei 1931

Kaka Polyvios mpenzi,

Salamu hizi zimeshuka mlima juu ya baghala pamoja na jibini, kwa hiyo barua ikinuka usimlaumu mtu wa posta. Mimi ni mzima, tena mzima kuliko nilivyowahi kuwa. Mume wangu Lias ni mzima. Mama mkwe wangu, Mama Kondylo, anakusalimu na anasema kaka anayekosa harusi ya dada yake wa pekee lazima awe amevunjika miguu yote miwili. Nikamwambia hapana, ni kazi ya kamusi tu. Akasema basi heri miguu. Shangazi Evanthia alikaa siku tatu, akala, akalia, akarudi Chalkida.

Sasa nikuambie yangu. Kila nikiandika "mume wangu" kalamu inataka kucheza. Nimekaa kwenye meza yangu, mbele ya dirisha langu, na yeye yuko uani anapasua kuni, na kila shoka linaposhuka moyo wangu nao unashuka. Unakumbuka alipokuwa askari pale Chalkida, akipita mbele ya shule yetu kila saa saba, kofia mkononi, akijifanya amepotea njia? Huyo askari sasa ananiamsha kwa maziwa ya moto. Nilidhani mapenzi ya namna hii yako vitabuni tu, kumbe yalikuwa huku juu yananingoja.

Harusi ilikuwa kama vita. Huku wanafyatua bunduki kuanzia kanisani hadi mlangoni, na risasi moja ilikata tawi likamwangukia padri. Kizingitini walimkata jogoo kichwa, damu ikaruka hadi kwenye viatu vyangu vyeupe, na Lias akapiga magoti mbele ya watu wote akanifuta kwa kitambaa chake. Kwenye ngoma jamaa mmoja wa kijiji cha chini akasema Lias amejiletea mwanamke wa pwani asiyejua chuchu ya mbuzi iko wapi. Lias akampiga ngumi moja, meno mawili yakaingia kwenye glasi ya mvinyo. Baadaye walicheza wameshikana mabega, yule jamaa anacheka huku ufizi unamtoka damu. Mimi nilijiona malkia.

Na wewe nimekupatia zawadi. Kabla ya kuingia kijijini, juu kabisa, njia inapita katikati ya majabali mawili, na hapo pana rundo la mawe refu kuliko mtu. Kila apitaye hutupa jiwe na kusema, "Alaaniwe." Bibi harusi asipotupa haingii kijijini. Mama Kondylo alinichagulia mawe matatu mazuri, yenye ncha. Niliyatupa yote kwa nguvu na laana nikaitamka kwa sauti, watu wakapiga makofi, Lias akanibusu kiganja kikiwa na vumbi. Anayelaaniwa ni nani sikuuliza, nilikuwa na furaha mno. Ila nilikukumbuka wewe na Profesa wako, mnaotafuta jina la mungu Herme lilitoka wapi. Si ulisema mzee huyo anaamini lilitoka kwenye rundo la mawe la njiani? Basi rundo ninalo mimi.

Nakubusu macho yote mawili.

Stamata wako, mke wa Lias


Athene, 26 Mei 1931

Mdogo wangu Stamata,

Yako nimeipata, na nimefurahi kwamba una furaha. Wasalimie wote wa nyumba hiyo. Mimi ni mzima isipokuwa kifua, chumba changu bado kina unyevu. Profesa amevunjika kidole. Katika mkutano wa wasomi mwenzake mmoja alisimama akasema Herme si jina letu kabisa, ni la watu waliokaa nchi hii kabla yetu, ambao tuliwachinja tukabaki na mungu wao. Profesa akamwambia mama yake huyo ndiye aliyebaki wa watu hao. Yule akampiga fimbo ya kutembelea, Profesa akamrushia chupa ya wino ikampasua paji la uso, nyuzi nne. Wazee wawili wenye mvi. Kwa hiyo sasa kalamu ya Profesa naishika mimi.

Unataka kujua tunagombania nini, nitakueleza. Watu wa kale waliliita rundo la mawe herma, na Profesa anasema mungu alipata jina hapo, kwa kuwa alikaa njiani na kwenye mipaka. Wanasimulia kwamba Zeu, mkuu wa miungu, alimtuma amuue mlinzi mwenye macho mia. Herme akamsimulia hadithi mpaka macho yote yakafumba, kisha akamkata kichwa kwa mundu. Miungu wakamshtaki. Lakini hakuna aliyetaka damu ile imguse, basi kila mmoja akamrushia kokoto moja miguuni, mpaka likawa rundo. Wengine wanasema jina linatokana na kazi yake ya kupeleka na kufasiri maneno. Wengine, kama huyo wa fimbo, wanasema ni jina la kigeni na maana yake ilikufa na wenyewe.

Mimi nahitaji marundo. Kwa miaka minne nimewaandikia walimu wa vijiji mia moja na kumi vya Arcadia, na hakuna aliyenijibu vizuri kama wewe ambaye sikukuuliza. Nipimie urefu wake. Tazama kama mawe ya chini yana ukungu, ndio unaoonyesha umri. Uliza lilianza mwaka gani na nani amelala chini yake, hilo la mwisho hasa. Andika maneno ya watu kama walivyoyasema. Waambie ni ya kamusi.

Na usitupe jiwe tena. Utaniharibia vipimo.

Kaka yako, Polyvios


Mavrolithi, 19 Juni 1931

Kaka yangu msomi,

Salamu kutoka kwetu sote, pamoja na mbuzi wetu aliyezaa mapacha juzi. Mama Kondylo anaumwa jino na hataki ling'olewe, anasema ndilo linalomkumbusha kuwa hai. Mimi nimenenepa. Lias anasema nimenenepa mahali panapostahili na mimi siandiki ni wapi.

Tumekupimia rundo kwa mkanda wa Lias, ule mwekundu wa kiunoni. Ni mkanda mmoja na nusu kwenda juu na mikanda mitano kuzunguka. Alipanda juu yake akaliita jina langu mpaka majabali yakarudisha sauti, nikacheka nikakaa chini njiani. Ila Profesa atasikitika. Mawe ya chini hayana ukungu wa maana. Lias alisema yeye mwenyewe anapakumbuka mahali pale pakiwa tambarare, kisha akaanza kunichumia maua.

Kwa hiyo nikamuuliza Mama Kondylo. Alikuwa anachuna mbuzi, na alinijibu bila kusimamisha kisu. Ilikuwa mwaka 1914, mwezi Julai, siku ya Nabii Eliya. Mume wake, Sarantos, baba yake Lias, alikwenda kunywesha mifugo. Alikutwa kwenye chemchemi amekatwa koo, kutoka hapa hadi hapa, akanionyesha kwenye mbuzi. Karibu yake alikaa mwanamume mgeni, mikono ya shati imelowa damu, kichwa cha Sarantos kipo mapajani mwake. Mgeni akasema amemkuta hivyo na alikuwa anajaribu kuziba damu.

"Kila muuaji humkuta mtu ameshakufa," Mama akasema.

Walimburuta kwa kamba ya mbuzi hadi pale juu, ardhi ya kijiji inapoishia. Hakuna aliyetaka awe yeye peke yake aliyemuua, maana siku moja ndugu zake wangekuja kudai kichwa cha fulani bin fulani. Basi kila nyumba jiwe moja, nyumba thelathini na nne. Alikata roho kwenye jiwe la kumi na tisa. Waliobaki walitupa vilevile ili isisalie nyumba iliyo safi. Ndiyo sababu hata leo kila apitaye hutupa, ili mikono isihesabike, na bibi harusi hutupa kwa kuwa sasa yeye pia ni mkono wa kijiji. Nikamuuliza mtu huyo aliitwa nani.

"Hatukumuuliza. Mtu ukishamuuliza jina huwezi tena kumpiga jiwe." Akafuta kisu. "Sisi tunamwita Vidole Vitatu. Mkono wa kushoto ulibaki nje ya mawe, na vidole vilikuwa vitatu tu."

Kisha akavuta ngozi ya mbuzi ikatoka yote kwa pamoja, akaniambia nikaoshe utumbo.

Kaka, nililia kidogo, kwa ajili ya Mama na kwa ajili ya Lias wangu aliyekuwa na miaka kumi. Nilimkumbatia usiku kucha kana kwamba wangeweza kumchukua na yeye. Nampenda zaidi sasa, kama inawezekana. Lakini si ni kama miungu wako hasa? Kila mmoja na kokoto yake, na damu haimgusi mtu. Mwambie Profesa amemshinda mwenzake.

Stamata


Athene, 30 Agosti 1931

Stamata,

Wasalimie wa nyumbani. Umeniandikia mara mbili ukiuliza kama ni mgonjwa. Sikuwa mgonjwa.

Baba yetu hakuzama baharini. Hayo uliambiwa kwa sababu ulikuwa na miaka mitatu, na baadaye kwa sababu ulikuwa umeshazoea. Mwaka 1914, mwezi wa sita, aliondoka kwetu Limni kwenda huko Arcadia kununua mbuzi. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nilimsindikiza mpaka kwenye kivuko. Hakurudi. Baadaye fundi wa masufuria anayezunguka vijijini alimwambia mama kwamba mahali fulani katika milima ile mgeni amepigwa mawe mpaka kufa, na wapita njia wanamlaani. Kijiji alikuwa amekisahau. Alichokumbuka ni mkono. Mama aliniambia haya siku tatu kabla ya kufa.

Baba alikuwa na vidole vitatu mkono wa kushoto. Viwili vilikatwa na baruti ya kuvulia samaki kabla hujazaliwa.

Sasa unajua kwa nini niliomba kazi kwa mtu anayekusanya marundo ya mawe. Jina la Herme halijaninyima usingizi hata siku moja.

Wewe ulitupa matatu. Hukujua, na sitalitaja tena.

Nataka kitu kimoja kutoka kwako. Nyumba ni thelathini na nne, lakini mawe hayakuruka yote pamoja. Mtu mmoja alianza. Siwezi kuua kijiji. Mmoja naweza. Niandikie jina lake.

Polyvios


Mavrolithi, 14 Septemba 1931

Kaka yangu,

Natumaini kifua chako kimepata nafuu na mwenye nyumba ameshughulikia ule unyevu. Huku mvua zimeanza mapema. Wale mapacha wa mbuzi, mmoja alikufa. Jino la Mama Kondylo hatimaye liling'olewa na mhunzi, Mama akamng'ata kidole.

Barua yako niliisoma zizini. Kisha nikaisoma tena. Nimekuwa nikijaribu kumkumbuka na sina kitu, Kaka, hata sauti. Nina mawe matatu tu. Najua uzito wa kila moja.

Tangu siku hiyo sikupita tena pale juu mpaka Jumapili iliyopita, tulipotoka kumzika mtu kijiji cha pili. Mama Kondylo aliona situpi. Aliniwekea jiwe kiganjani, akanikunja vidole kimoja kimoja. Nikaliachia likaniangukia mguuni. Alinipiga kofi mbele ya wanawake wote, sikio likalia mpaka jioni, akaniuliza ni nini ninachokijua mimi ambacho wao hawakijui. Nikasema nimechoka.

Unaniuliza nani alianza. Wote walitupa. Hiyo ndiyo maana ya desturi yao, kwamba asiwepo wa kwanza. Miaka kumi na saba imepita, nusu yao wako makaburini. Na wengine walikuwa watoto. Mtoto akipewa jiwe na mama yake, baba yake amelala pale amekatwa koo, mtoto atafanya nini? Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba hakuna ajuaye ni mdomo gani ulitaja jina la Herme kwa mara ya kwanza, na wasomi wanapasuana vichwa bure. Hili nalo liache hivyo.

Umewahi kufikiri kwamba huenda baba alimuua kweli yule mzee? Mimi nafikiri kila siku. Halafu nafikiri alikuwa amekipakata kile kichwa, na nashindwa kuelewa muuaji angekaa kufanya nini.

Ukitaka mkono, wa mwisho ni wangu, na huo unalijua jina lake.

Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa.

Stamata


Athene, 3 Oktoba 1931

Stamata,

Umeniandikia kurasa nne na jina la Lias halimo hata mara moja. Barua zako za mwanzo hukuweza kuandika mistari mitatu bila yeye.

Mtoto wa miaka kumi, baba yake amekatwa koo. Kumbe walimpa yeye jiwe la kwanza, kwa haki ya marehemu. Nilipaswa kulijua hilo tangu Juni.

Usinijibu kwamba alikuwa mtoto. Mimi pia nilikuwa mtoto.

Nitakuja tarehe 26, siku ya Mtakatifu Dimitri, asubuhi, kwa njia ya mlima. Sitajificha na sitamvizia, mwambie ukitaka. Umekuwa mke wake kwa miezi mitano. Umekuwa mtoto wa baba kwa miaka ishirini. Siku hiyo kaa ndani.

Polyvios


Mavrolithi, 9 Novemba 1931

Kwa Polyvios, hospitalini, Tripoli

Kaka,

Wameniambia umefungwa taya na unakunywa supu kwa mrija. Wameniambia pia humjibu muuguzi, hata kwa kichwa. Mimi nipo. Mama Kondylo yupo. Lias yuko hai. Siku nne alikohoa damu, siku ya tano akaomba mkate. Kisu kilipita kati ya mbavu mbili na daktari anasema kingeingia upana wa kidole zaidi, ningekuwa nimeshavaa nyeusi.

Nakuandikia yaliyotokea kwa sababu ulikuwa umelala chini na hukuyaona yote.

Barua yako nilimpa Lias aisome mwenyewe. Alisoma polepole kama anavyosoma, kidole chini ya mstari. Kisha akanieleza ambacho hajawahi kumweleza mtu. Mama yake alimpa jiwe, lilikuwa kubwa kwa mikono yake, akalitupa likamgonga baba yetu goti tu. Baba alimtazama, na akamwambia, "Usitazame, mwanangu." Basi. Tangu siku hiyo Lias hutupa jiwe kila apitapo akiwa amefumba macho. Nilidhani ni mzaha wake, mimi mjinga nilikuwa nacheka.

Asubuhi ya Mtakatifu Dimitri watu walipokwenda kanisani yeye hakwenda. Alichukua mtaimbo na lile koti lake la manyoya ya mbuzi akapanda peke yake. Hakuniaga. Alitaka ukifika umkute baba akiwa nje, akupe mkononi, kisha ufanye utakalo. Hayo alikuwa amemwambia padri, na padri ndiye aliyeniambia katikati ya sala, nikatoka mbio na kanisa zima likanifuata bila kujua kwa nini.

Nilipofika juu rundo lilikuwa limetawanyika njia nzima. Lias amepiga magoti, mikono yote imechukua lile koti, na wewe uko juu yake. Niliona kisu kikitoka. Niliona unakirudisha nyuma mara ya pili. Nilikuita, hukusikia. Niliokota jiwe nikakupiga nalo usoni kwa nguvu zangu zote, nikasikia mfupa, ukaanguka. Sikukosea na sikupoteza akili. Yale matatu niliyatupa sijui ni nani aliye chini. Hili nilijua uso ninaoupiga, na ningelitupa tena.

Ndipo wengine wakafika. Waliona rundo limevunjwa, Lias anavuja damu, na mgeni mwenye kisu. Waliinama tu, wanaume, wanawake, hata mke wa mwalimu, kila mmoja akainuka na jiwe. Walijipanga kwa nyumba, Kaka. Miaka kumi na saba, na bado kila nyumba ilijua zamu yake. Nilikulalia juu. Mama Kondylo akanishika nywele akanivuta pembeni, kisha akachukua jiwe akaenda kumwekea Lias mkononi, kama mara ile, kwa kuwa ni damu yake iliyomwagika.

Lias alikuwa amekaa, ameegemea jabali, shati jekundu lote. Alilitazama lile jiwe. Akasema, "Mama, safari hii muulizeni jina."

Mama akamwambia anyamaze, anapoteza damu.

"Muulizeni jina," akasema tena, "au mimi ndiye nitakayetupiwa kwanza."

Walisimama na mawe yao na hakuna aliyeuliza wala aliyetupa. Nikasema mimi bila kuulizwa. Nikasema huyu ni Polyvios Rizos wa Limni, kaka yangu wa tumbo moja. Na huyo aliye ndani ya koti ni baba yetu, na mnipige na mimi kwa kuwa nimewalia mkate wenu miezi sita. Mke wa mwalimu ndiye wa kwanza kuweka jiwe chini. Halikuanguka, aliliweka, kama mtu anayeweka yai. Wengine wakafuata. Mama Kondylo alikuwa wa mwisho. Alibaki nalo mpaka watu wakakufunga juu ya baghala na kuondoka nawe, na siku mbili baadaye nililikuta kwenye aproni yake, jikoni.

Hasemi nami. Anampikia mwanawe, ananiachia sahani mezani, anatoka. Jana tu aliniuliza, mgongo umenielekea, kama baba yetu alipenda chumvi nyingi. Nikamwambia sijui.

Padri amekubali kumzika ndani ya uwanja wa kanisa, upande wa ukuta, si mbali na Mzee Sarantos. Kijiji kimegawanyika kwa ajili hiyo na watu wawili wameshavunjana pua. Seremala anataka maneno ya msalaba. Kaka, mimi jina la baba nalijua kwenye cheti cha shule tu. Mama alikuwa akimwita vipi nyumbani? Watu wa Limni walimwitaje? Niandikie kama alivyoitwa.

Sikuombi msamaha kwa taya lako. Sikuambii pia kwamba nimekusamehe kwa mume wangu. Niandikie hilo jina tu.

Stamata


Tripoli, 21 Novemba 1931

Stamata,

Naandika nimelala, mwandiko uvumilie. Naweza kufungua mdomo upana wa kijiko. Salamu zako nimezipata.

Askari walikuja mara mbili kuuliza. Nimewaandikia kwenye karatasi kwamba nilianguka kwenye mawe na sina madai kwa mtu yeyote. Mumeo akitaka kusema yake ana haki, nitakwenda nao.

Profesa ameniletea kurasa zilizotoka kwa mchapaji. Chini ya Herme ameandika: asili haijulikani, huenda ni rundo la mawe. Miaka minne ya kazi, na kidole. Anasema anaona aibu. Mimi nimeona ni maneno ya kweli kuliko yote aliyoandika.

Kwenye msalaba weka Lambros Rizos, wa Limni. Nyumbani mama alimwita Lambi, na wavuvi walimwita Baruti kwa sababu ya mkono, na yeye alicheka walipomwita hivyo. Chumvi alipenda. Alikuwa akiiramba kiganjani.

Kuna moja zaidi, na hili halitakwenda kwa askari wala kwa padri, ni kwako tu. Umeandika kwamba Lias alitaka nimkute baba nje, kana kwamba mimi nilifika na sikuelewa. Nilielewa. Nilisimama kati ya yale majabali kitambo kizima nikimtazama anavyofanya kazi. Alikuwa anatoa mfupa mmoja mmoja, anaupangusa kwa mkono wake wa shati, anauweka ndani ya koti. Mkono wa kushoto aliupata mwishoni. Aliupanga vidole vyake vitatu kwa utaratibu, akafunika. Kisha akaniona, akanyanyua koti kwa mikono miwili kuniletea, akaniambia, "Karibu, shemeji."

Nilimwona amembeba baba, Stamata, na bado nikamchoma.

Kaka yako,
Polyvios